Aliyetengeneza Hiyo Stika Anakaa Mtaa wa Pili

Mdogo wangu wa Kwa Mrombo, meseji yako nimeisoma na kuirudia. Zaidi ya Kwa Mrombo, hapa Arusha, umeomba nisitaje shule yenu wala mtaa wenyewe mnaokaa, na sitavitaja. Nitasema kile tu ulichoniruhusu, ili wenzako wanaosoma kona hii wajue tunazungumzia nini. Uko kidato cha tatu. Picha yako ya kipaimara, ile ya gauni jeupe, imekatwa kichwa. Kichwa kikapachikwa kwenye mwili wa utupu ambao si wako, ikageuzwa stika ya WhatsApp, na wiki iliyopita konda wa kifodi alikucheka wakati unashuka, ukajua imeshafika hadi kwake. Una maswali matatu: umjibu vipi aliyeituma, umwambie mama au unyamaze, na uhame shule au ubaki. Yote nitayajibu.

Ila kuna mstari umeuchomeka katikati kana kwamba unapita tu. Umeandika kuwa usiku unatamani ulale usiamke. Huo ndio naanza nao, mengine yasubiri. Leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu, mtafute mtu mzima mmoja unayemwamini, awe mama, shangazi, mama mdogo au mwalimu wa kwaya, umwambie sentensi hiyo kwa maneno yale yale uliyoniandikia mimi. Usiipunguze makali. Mdomo ukiwa mzito, mpe simu asome. Kama hapo ulipo hakuna mtu wa kumwambia, piga 116. Hiyo ni Simu kwa Mtoto, inaendeshwa na C-Sema, hailipiwi, hata kitochi kisicho na salio kinaipata. Na usiku wowote utakapohisi hujiamini, usilale chumba cha peke yako. Mwamshe mama, mwende hospitali ya mkoa ya Mount Meru usiku huo huo. Hakuna atakayekucheka pale mapokezi.

Haya, sasa tukae tuongee.

Umeniambia waliofanya hivi ni watu wasiojulikana, kwa sababu namba iliyorusha stika hukuwa nayo. Jamani, Kwa Mrombo hakuna mtu asiyejulikana! Mahali ambapo nusu ya jiji inakuja jioni kula nyama choma, anayekatakata kachumbari anajua mtoto wa nani ametoroka shule, na wa bodaboda anajua nani alishukia wapi na saa ngapi. Hebu fikiri pamoja nami. Ile picha ya kipaimara uliiweka wapi? Umesema kwenye status tu, siku moja, ikapotea yenyewe. Status ya WhatsApp, kama hujabadilisha mipangilio, inaonekana na watu ambao wewe una namba zao na wao wana yako. Kwa hiyo aliyeichukua yumo kwenye simu yako. Umewahi kumsalimia. Huenda mmewahi kugawana andazi wakati wa mapumziko. Laini ngeni aliiazima ya kurushia tu.

Nalisema hili mapema kwa kuwa linabadilisha kila ushauri utakaofuata. Vijana wengi wanaoniandikia wanaamini wanapigana na mtandao, jitu kubwa lisilo na uso, na ndiyo maana wanakata tamaa. Wanayepigana naye ni mtu. Mara nyingi ana miaka kumi na sita au kumi na saba, ana mama anayejulikana gengeni, ana benchi lake darasani, na ana laini yenye jina la mtu. Huyo anafikika.

Na msidhani ni wachache wanaopitia haya. Utafiti wa ECPAT, INTERPOL na UNICEF uliotolewa mwaka 2022 ulikadiria kwamba watoto wa Tanzania wapatao 200,000, wa miaka 12 hadi 17, walifanyiwa ukatili wa kingono kupitia mtandao ndani ya mwaka mmoja. Ni kama 4 katika kila watoto 100 wa umri huo wanaotumia intaneti. Hapo wamehesabiwa waliofanyiwa ya kingono tu. Wanaoitwa majina kwenye grupu la darasa, wanaochambwa kwa voisi za dakika tano, waliofunguliwa akaunti feki za TikTok zenye sura zao, hao hawamo kwenye hesabu hiyo.

Zamani kidogo, kumdhalilisha mtu kwa picha kulihitaji picha yake ya kweli. Alikuwa mpenzi wake aliyeachwa akaamua kuvujisha, au fundi simu aliyechungulia kwenye simu aliyoletewa abadilishe kioo. Mambo hayo bado yapo, na magrupu ya Telegram yanayouza kile vijana wanachokiita koneksheni, yaani picha na video za utupu zilizovujishwa, yanaishi kwa hayo. Siku hizi picha ya kanisani inatosha. Kuna programu za akili mnemba zinazomvua mtu nguo kwenye picha aliyopiga amevaa. Kwa hiyo ninyi mnaosema "angejitunza yasingemkuta", kaeni kimya kidogo. Huyu binti alijitunza. Alipiga picha na mchungaji.

Swali la kwanza: umjibu vipi? Usimjibu. Najua kidole kinawasha. Najua una voisi nzima kichwani ya kumwambia yeye ni nani na kwao wakoje. Anachokisubiri ni hicho, kwa sababu ukilia kwenye voisi, kilio chako kinakuwa stika ya pili, na ukitukana, skrinishoti ya tusi lako ndiyo itakayofika kwa mwalimu wa nidhamu kabla ya ile ya kwake. Usimwage mchele penye kuku wengi. Grupu lenye watu mia mbili halina hakimu hata mmoja.

Usitoke kwenye grupu kwa hasira pia. Bado. Kwanza kusanya. Fungua ukurasa wa taarifa za grupu, piga skrinishoti ya jina lake na ya orodha ya maadmini. Bonyeza jina la aliyetuma mpaka namba yenyewe ionekane, kwa sababu jina ulilohifadhi wewe polisi haliwasaidii, wanataka namba. Tarehe na saa zionekane. Waliocheka, waliosema "ongeza", waliofowadi, wapige nao. Fanya hivyo leo hii, maana WhatsApp inampa mtumaji zaidi ya siku mbili za kufuta kwa wote, na status inajifuta baada ya saa 24. Ikiwa ni ile picha ya kufunguka mara moja tu, ambayo skrinishoti inakataa, tumia simu ya pili kuipiga kioo. TikTok na Instagram chukua kiungo cha akaunti chenyewe, si jina tu, kwa sababu jina hubadilishwa asubuhi na mtu akakukana mchana.

Hapa nisikilize kwa makini, maana wengi wanateleza. Ile picha ya utupu yenyewe usimtumie mtu yeyote. Hata shosti wako wa damu, hata kwa nia ya "ona walivyonifanya". Picha ya utupu yenye sura ya mtoto wa chini ya miaka 18 ni kosa zito kuisambaza, na simu haiandiki kwamba wewe uliisambaza ukiwa unalia. Iache ilipo kwenye grupu, umwoneshe askari kwa mkono wako.

Swali la pili ndilo lililokunyima usingizi: mama. Umesema atakunyang'anya simu na atakupiga kabla hujamaliza kueleza. Inawezekana. Simfahamu mama yako, sitakudanganya kwamba atakukumbatia. Lakini nakupa mbinu. Usimwambie akiwa anahesabu hela za genge, wala mbele ya wadogo zako. Mchukue mama mdogo mwende wote. Usianze na picha. Mzazi akiona utupu wenye uso wa mwanawe, masikio yanaziba palepale. Anza na maneno: "Mama, kuna mtu amechukua picha yangu ya kipaimara akaiunganisha na mwili wa mtu mwingine. Si mimi. Naomba unisindikize polisi." Sema sentensi zote tatu ndipo upumue. Hiyo ya mwisho ndiyo inayomtoa mzazi kwenye hasira, kwa sababu inampa kazi ya kufanya.

Kuna jambo jingine la kumwambia mama, na hili ni silaha. Laini unayotumia ni yake. Tangu Januari 2020 Mamlaka ya Mawasiliano ilipoanza kuzima laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole, kila namba nchini imefungwa kwenye kitambulisho cha mtu, na mtoto asiye na kitambulisho cha NIDA anasajiliwa na mzazi au mlezi. Kwa hiyo mama yumo ndani ya jambo hili apende asipende. Apige *106# aone ni laini ngapi zina jina lake, asije akakuta kuna ya ziada. Na ile namba ngeni iliyorusha stika? Nayo ina jina la mtu. Inawezekana ni la mama wa huyo kijana, ambaye muda huu anapepeta mchele hajui kwamba kwa kitambulisho chake pametendeka kosa. Polisi wakiifuata namba, mlango watakaougonga kwanza ni wake. Ndiyo maana nimekwambia anafikika.

Wazazi mnaosoma, naomba dakika moja. Msivunje simu. Kila mwezi nasikia baba aliyeipiga simu ya binti yake ukutani, na ushahidi wote ukaenda nayo. Msiifiche kabatini pia. Mtoto akijua adhabu ya kusema ni kupokonywa simu, kesho hatasema, hata kama anayemtishia ni mtu mzima wa miaka arobaini. Na swali la kwanza lisiwe "ulimpa picha?" Hata kama alimpa! Aliyesaliti ni aliyesambaza. Mwaka 2014, picha za mwimbaji mmoja wa Kampala zilipovujishwa na mtu aliyekuwa naye, Waziri wa Maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alitaka akamatwe mwimbaji mwenyewe. Wasichana wetu habari za namna hiyo zinawafikia. Ndizo zinazowafundisha kunyamaza.

Turudi kwetu. Mkishakubaliana na mama, mwende wapi? Mtaani kuna watu watakaosema yaishe nyumbani: muitane kwa mwenyekiti wa mtaa, mama huyu na mama yule, kijana aombe radhi, soda ziletwe. Siidharau njia hiyo. Kama ni kejeli, majina, uvumi wa nani kachukua bwana wa nani, kikao cha namna hiyo mara nyingi kinamaliza kazi kuliko mahakama, kwa sababu kijana anayetamba kwenye simu anapokaa kwenye benchi mbele ya mama yake na mama yako, sauti inamtoka kwa tabu. Ila kukiwa na picha ya utupu, au mtu anadai hela au anadai mwili ili asisambaze, msikubali kumalizana nyumbani. Hata akija mzee wa kanisa. Hata wakija na mbuzi. Lako ni la utupu, kwa hiyo lako ni la polisi.

Ulizeni Dawati la Jinsia na Watoto. Hapo kituoni msianze kusimulia kaunta mbele ya walioleta kesi za kuku. Semeni tu "tunaomba Dawati la Jinsia", mtaelekezwa. Unaweza kuomba askari wa kike. Maelezo yakishaandikwa, mtapewa namba ya RB. Hailipiwi. Ipige picha, iandike pia kwenye daftari, maana kila mtakaporudi mtaulizwa hiyo. Afisa ustawi wa jamii naye ana nafasi yake hapa, hasa kama nyumbani ndiko kwenye shida. Ofisi ya kata itakuonesha wa kwenu.

Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika tarehe 1 Septemba 2015, na kifungu chake cha 23 kinamhusu moja kwa moja mtu anayemtumia mwenzake ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtesa moyo: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Picha za ngono zina vifungu vyake na adhabu zake ni kali zaidi. Sasa niseme la moyoni. Sheria hii hii, hapa hapa Arusha, ilikuwa na mbio sana ilipotaka: Juni 2016 mahakama ilimtia mtu hatiani kwa alichoandika Facebook kuhusu Rais Magufuli, ikampa kuchagua kati ya faini ya shilingi milioni 7 na miaka 3 jela. Sheria yenyewe haikuwa na umri hata wa mwaka. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba mambo ya mtandao hayafuatiliki. Yanafuatilika kukiwa na anayetaka. Kazi yako na mama ni kurudi na ile RB mpaka atake.

Sasa wewe chalii uliyeitengeneza. Najua unasoma, kwa sababu dada yako amenunua gazeti au amekutumia picha ya ukurasa huu akakuuliza kama unamjua huyo mtu. Ulitumia dakika ngapi? Tano? Ulitaka watu wacheke, wakacheka. Umeshahesabu miaka yako vizuri lakini? Ukiwa chini ya 18, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakukinga na kifungo cha jela, na kesi yako itasikilizwa Mahakama ya Watoto. Ukiwa umetimiza 18, na kidato cha nne wapo tele waliotimiza, wewe ni mtu mzima kamili hata kama bado unavaa sweta la shule. Utasimama na watu wazima. Uwe hivi au vile, cha kufanya leo ni kimoja: futa kwako, futa kwa wote pale unapoweza, halafu mwambie mzazi wako wewe mwenyewe kabla hajaambiwa na askari. Usimfuate yule binti kwa meseji za "samahani naomba tuonane". Hataki kuonana nawe. Kuombana radhi kutapangwa na wakubwa, kama atataka.

Na ninyi mnaorekodi kila kitu, ngumi za vijiweni, mtu aliyelewa, wasichana wawili wanavutana nywele kituoni. Sitawaambia kamwe msirekodi. Oktoba 2016 nchi nzima iliona video ya walimu wa mazoezi wakimshambulia mwanafunzi wa kidato cha tatu ofisini, Shule ya Sekondari ya Kutwa Mbeya. Mtu aliyekuwapo aliirekodi, na kwa sababu hiyo Serikali ililazimika kuchukua hatua, walimu wale wakaondolewa vyuoni mwao. Bila simu ile, mtoto angeambiwa alianguka ngazini. Halafu Aprili 2025 ikaja video ya mabinti wakimpiga na kumdhalilisha mwanafunzi mwenzao wa chuo, na hapo aliyeshika simu alikuwa upande wa wapigaji; video yao wenyewe ndiyo iliyowafikisha watuhumiwa mahakamani Dar es Salaam. Simu ni zile zile. Jiulize tu umeituma kwa nani kwanza. Ukimpelekea mwalimu mkuu, polisi au mzazi wa anayepigwa, wewe ni shahidi. Ukiipeleka grupu la "Vichekesho vya R", umempiga na wewe.

Maadmini, msijifiche. Wengi mnaniambia "dada, mimi nimewekwa tu, sina uwezo". Una uwezo. Tangu 2022 WhatsApp inamruhusu admini kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote kwa wote, na kumtoa mtu ni kubonyeza mara mbili. Grupu la kwaya ya vijana, la timu ya mtaa, la waliomaliza darasa la saba pamoja, kila moja lina mtu anayejulikana kwa jina anayeshikilia funguo. Kabla ya kufuta mpe mhusika nafasi ya kupiga skrinishoti zake. Kisha futa, kisha mtoe aliyetuma, kisha useme hadharani ni kwa nini.

Mmeniuliza pia, wavulana watatu kwa nyakati tofauti, kwa nini kona hii inazungumza kama vile ninyi hamuumizwi. Mnaumizwa. Mvulana mwenye sauti nyembamba anapewa jina baya kwenye grupu la darasa, na kuanzia hapo kila anachoandika kinajibiwa kwa jina hilo. Na kuna mchezo wa "mrembo" wa Instagram, ambaye pengine ni mwanaume mwenye ndevu aliyekaa mji mwingine: anaomba mpigiane video, anakuvua kwa maneno matamu, anarekodi, kisha anakutumia orodha ya marafiki zako na namba ya kutumia hela. Ukilipa leo, Ijumaa anarudi na bei mpya. Usilipe. Bloku ukishachukua ushahidi, na njia yako ni ile ile ya binti: mtu mzima, Dawati, RB. Najua mvulana wa Arusha anaona aibu kuingia chumba kilichoandikwa jinsia. Hilo neno "watoto" lililofuata hapo mlangoni ni lako.

Kuhusu kuifuta picha duniani. Sitakuahidi. Kuna huduma inaitwa Take It Down, ya kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na kudhulumiwa, bure, kwa picha za waliokuwa chini ya miaka 18, hata za kutengenezwa. Haichukui picha yako. Inatengeneza alama ya tarakimu kutokana nayo hapo hapo kwenye simu yako, na kampuni zilizojiunga, zikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, zinatumia alama hiyo kuitambua na kuiondoa. Waliovuka 18 wana StopNCII, inayofanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Udhaifu wake ni kwamba meseji za WhatsApp zinasafiri zimefungwa, hivyo huko ndani haifiki, na picha ikikatwa au kubadilishwa huenda isitambuliwe. Fanya hata hivyo, ukiwa na mtu mzima, kwa sababu stika ikihamia TikTok itakutana na kizuizi.

La tatu, shule. Usihame, angalau si kwa sasa. Stika haipandi kifodi; ukienda shule ya Sakina au Njiro itakuwa imeshatangulia, na huko hutakuwa na hata rafiki mmoja wa kukutetea. Najua utaambiwa na mwalimu kwamba simu ni marufuku shuleni na hili limetokea nje ya uzio, kwa hiyo haliwahusu. Ndiyo, simu ni marufuku. Lakini aliyecheka nawe unakaa naye dawati moja saa 2 asubuhi, na hilo limo ndani ya uzio. Mama aende na RB mkononi, aonane na mkuu wa shule mwenyewe, aombe vitu viwili tu: mwalimu mmoja wa ushauri utakayemfuata siku ikiwa mbaya, na yule kijana akithibitika, akae mbali nawe. Kama kuna wa kuhamishwa mkondo, asiwe wewe.

Limebaki jambo ambalo sijaligusa: rafiki yako, yule uliyeniambia kwamba unamshuku. Umesema aliiona status usiku ule na ndiye pekee aliyekuuliza gauni ulishona wapi. Hiyo haitoshi kumhukumu. Watu huuliza magauni. Usimtaje grupuni, maana ukikosea, wewe ndiye utakuwa umemchafua mtu mtandaoni. Jumamosi nenda kwao na mama, mchana, muite pembeni. Muulize kama picha aliihifadhi, alimtumia nani, na kama yuko tayari kuyasema hayo mbele ya askari. Akilia, mwache alie, msubiri. Akikubali, Jumatatu mpande kifodi kimoja wote watatu, wewe, mama na yeye. Usiku wa Jumapili chaji simu mpaka ijae, na uweke bando, ili Dawati wakitaka kuliona grupu lenyewe isije ikazima mkiwa bado mnatafuta pa kukaa.